Vumbi la Mti Dume

Sajini Thadeus Okeyo alishuka shimoni mara ya tatu, na kabla miguu haijagusa chini alijua hataambulia kitu. Lilikuwa shimo la kupasulia mbao, lenye kina kupita kimo cha mtu. Juu yake magogo mawili yalikuwa bado yamelala pale wapasuaji walipokuwa wakilaza mti, mmoja akivuta msumeno toka juu, mwenziwe toka chini. Unga wa msumeno uliojaa humo ulikuwa umeoza ukawa mweusi. Mwezi uliopita mbwa wa mwindaji aliufukua akatoka na mfupa wa mguu wa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Ishmael, mlinzi wa serikali wa vichaka vya upande wa Ikonge, aliyepotea mwishoni mwa mwaka wa 1950. Walimtambua kwa beji ya shaba ya kofia yake. Kwa karibu miaka miwili watu walikuwa wamesema ametorokea mashamba ya chai ya Kericho na kuoa huko, na mkewe Nyamusi alichekwa kisimani mpaka akawa anateka maji mchana wa jua kali, wenzake wakiwa wamekwisha kwenda. Kumbe mumewe alikuwa hapa hapa, fuvu limepasuka.

Kesi ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. Dahir, dereva wa lori, mtoto wa Salat, mgeni kutoka kaskazini aliyefanya biashara ya ng'ombe mjini Kisii, alikuwa rumande, na wiki iliyofuata angepelekwa Kisumu mbele ya jaji. Kijana alikiri kwamba ndiye aliyebeba mbao za mti mkubwa wa podo uliopasuliwa kwenye shimo lile. Ila alisema mti ulikatwa Januari ya arobaini na tisa, akauziwa mbao na Mzee Machogu mwenyewe, na tangu siku hiyo hakurudi kilimani. Machogu, mkubwa wa ukoo wenye kichaka, alisema hajauza hata ufito. Mti uliibwa mwishoni mwa hamsini, wiki ile ile Ishmael alipopotea. Watu waliipenda nusu ya kwanza ya maneno ya Dahir na kuitupa nusu ya pili.

Basi kila kitu kilining'inia kwenye swali moja: podo lile lilianguka lini? Kama ni hamsini, mlinzi alimkuta mwizi, mwizi akamuua, na kitanzi kilikuwa kinamsubiri Dahir. Kama ni arobaini na tisa, Dahir hakuwa na la kumpeleka pale siku Ishmael alipokufa, na mtu mwingine alikuwa anadanganya kwa sababu zake. Kisiki kingeweza kusaidia, lakini kilichomwa makaa zamani, likabaki shimo la majivu lenye magugu. Majirani walipoulizwa walitazama miguu yao na kurudia maneno ya Machogu bila kukosea hata neno.

Okeyo alimwamini Dahir, na imani yake haikumsaidia Dahir kitu chochote. Asubuhi hiyo langoni mwa stesheni alimkuta Salat amesimama, kanzu safi, ndevu zimetiwa hina, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mzee alimwuliza afanye nini. Okeyo akamwambia akae nyumbani aombe Mungu, mengine awaachie polisi.

"Kwetu, Sajini, mtoto akishikwa kwa damu, baba hakai," Salat alisema kwa upole. "Akikaa, watu watasema hana mtoto."

Okeyo alikuwa na haraka ya kuwahi lori la Nyamira. Aliitikia tu kwa kichwa, akaenda zake.

Alipopanda kutoka shimoni sasa, Machogu alikuwa amesimama ukingoni akimwangalia, koti la mzungu mabegani, usinga mkononi. Alikuwa mzee wa maumbile makubwa, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliinama ili waisikie.

"Mzee, huu mti ulikatwa lini?" Okeyo alimwuliza tena.

"Nilishasema, afande. Mwaka ile Ishmael alipotea. Mahindi ilikuwa imeingia ghalani."

"Kupasua podo kubwa vile ni kazi ya siku nyingi. Msumeno unalia, lori linapanda kilima. Hakuna aliyesikia?"

"Mimi masikio imechoka. Hao wengine uliza wao." Machogu alipunga inzi kwa usinga. "Wewe umetoka ziwani, afande. Huku kwetu mtu hasikii mambo ya jirani yake kama hajaitwa."

Aliondoka polepole, na Okeyo akaketi chini ya podo mojawapo lililobaki. Yalikuwa yamebaki makubwa kama kumi hivi, yote yamesimama kimya, matunda yake mabichi yakining'inia. Alichoka hata kukasirika. Alishika tama akawa anatazama chini mbele ya buti zake, maana hapakuwa na pengine pa kutazama, na hapo chini ndipo alipoona kitu ambacho safari mbili za kwanza kilimpita.

Chini ya miti ile kulikuwa na maotea, miche ya podo iliyojiotea yenyewe. Mengine yalimfika kiunoni. Mengine yalimfika gotini. Alitafuta madogo zaidi, ya kufika kwenye kifundo cha mguu, hakuona. Akapiga magoti na kupekua majani makavu kwa mikono. Mbegu zilikuwa tele, za mwaka huu na za miaka iliyopita, lakini hata moja haikuwa imetoa mzizi. Akashuka mpaka kijitoni kwenye mkuyu ambapo hondohondo walikuwa wakitua wakishakula matunda ya podo, wakidondosha mbegu. Hapo nako maotea yalikuwepo, makubwa ya kutosha, na chini yake udongo mtupu. Kichaka kilikuwa kama boma lenye wazee na vijana, lakini hakuna kitoto kinacholia.

Ndege walikula kama kawaida na mvua ilinyesha kama kawaida. Ila tangu mwaka fulani miti ile iliacha kuzaa, na Okeyo alitaka kuujua mwaka huo.

Nyumba ya Nyamusi ilikuwa chini ya kilima. Mjane alimkaribisha kwa kigoda, akampa uji wa wimbi, na akabaki amesimama yeye mwenyewe. Okeyo hakuuliza tena kuhusu maadui. Alimwuliza Ishmael alikuwa akifanya nini na mbegu za podo, na mwanamke akamkazia macho kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Alieleza kwamba kila mwaka, jua kali la Januari, mumewe aliokota mbegu pale kilimani akazipeleka kwenye kitalu cha serikali Kisii. Zile za mwanzo wa hamsini zilimletea shida. Mwaka ukaenda hazikuota, na wakubwa wa kitalu wakataka maelezo. Ishmael alirudi nyumbani akakosa hata hamu ya kula, akasema mbegu zimemtia aibu, na kwamba amemnyamazia Machogu vya kutosha, sasa lazima aende naye kwa wakubwa akaseme mwenyewe mti ule ulikwenda wapi.

"Akaenda kwa Machogu," Nyamusi alisema. "Ndiyo ilikuwa siku hiyo hakurudi."

"Mama, mbona hukusema haya mwanzoni?"

"Mliniuliza alikuwa na adui gani. Hakuna mtu aliniuliza mambo ya mbegu."

Okeyo alimwomba ayarudie hayo Kisumu mbele ya jaji. Nyamusi alichukua kibuyu cha uji, ingawa uji ulikuwa bado haujaisha.

"Hii shamba ninalima ni ya ukoo, na ukoo ni Machogu. Nikisema hiyo maneno, nitalala wapi na watoto? Wewe utanipeleka kwenu ziwani?"

Sajini aliinuka kwenye kigoda. Alishukuru kwa uji akateremka barabarani. Neno la mjane asiyetaka kusema kortini halikuwa na uzito wa hata unyoya, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini miche haikuwa na shamba la kunyang'anywa.

Kitalu cha serikali kilikuwa bondeni chini ya mji, mbele ya kilima cha Nyanchwa. Mkuu wake, Bwana Odero, alikuwa mtu wa ziwani kama Okeyo, amesomea misitu, mwembamba, mwenye tabia ya kuongea na mtu huku akichambua udongo kwa vidole. Walisalimiana kwa Kijaluo, wakaulizana habari za nyumbani, halafu Okeyo akamwuliza swali lake waziwazi: kwa nini mti mama uzae matunda, na mbegu isiote?

Odero alicheka bila furaha. Alimweleza kwamba podo si kama mparachichi. Kuna podo jike na podo dume. Dume halizai tunda maisha yake yote. Wakati wa jua kali hutoa chavua, vumbi la manjano jepesi, na upepo huichukua na kuipeleka kwa majike. Jike lililopata vumbi hilo hukaa na tunda karibu mwaka mzima mpaka likomae, kisha ndege hula na kutawanya mbegu. Jike lisilopata vumbi nalo huweza kubeba tunda la kupendeza macho, ila ukiipasua mbegu yake ndani hamna kitu.

"Kile kichaka cha Ikonge kilikuwa na dume moja tu," Odero alisema. "Hilo hilo kubwa. Tulililalamikia siku zote. Miche yote iliyotoka huko ina baba mmoja. Ugonjwa ukiupata mmoja, umeipata yote, kwa sababu hakuna hata mmoja wenye damu tofauti ya kuukataa. Zamani msitu ulikuwa umeungana toka huko mpaka Sotik, upepo ulichanganya vumbi la huku na la kule, ndege wakachanganya mbegu. Siku hizi pamebaki vichaka kama visiwa."

"Na dume likikatwa?"

"Wale waliobaki ni wajane. Watakaa hata miaka mia mbili wamesimama, wanapendeza, na kichaka kimekwisha kufa."

Okeyo alimwomba amwonyeshe tuta la mwaka wa hamsini. Walipita kati ya matuta ya mikaratusi na misanduku mpaka kona ya nyuma. Tuta la arobaini na tisa lilikuwa na mabaki ya miche ambayo haikupandwa nje, imesongamana, majani yake membamba yakilala chini kama nywele zilizolowa. Tuta lililofuata lilikuwa udongo uliopata ukoka. Odero alisema alitaka kulipindua, lakini Ishmael alimsihi angoje arudi na maelezo. Baada ya hapo hakuonekana tena, na Odero hakupata moyo wa kuligusa.

Sajini alichuchumaa mbele ya udongo ule akapanga mambo polepole, jinsi alivyozoea, akianzia nyuma. Mbegu za tuta hili ziliokotwa Januari ya hamsini. Zilihitaji vumbi la Januari ya arobaini na tisa, na hazikulipata. Kwa hiyo dume lilikuwa chini tayari mwanzoni mwa arobaini na tisa, kama Dahir alivyosema. Na aliyeziokota mbegu hizo kwa mikono yake, akazileta hapa akiwa mzima, ni Ishmael. Mtu hawezi kuuawa akizuia kukatwa kwa mti ambao yeye mwenyewe alikwisha kuleta mbegu za wajane wake. Aliuawa kwa sababu tuta lilikataa kuota, na mtu aliyeuza mti wa ukoo kwa siri angeitwa mbele ya wakubwa kueleza.

Kwa mara ya kwanza tangu mbwa afukue mfupa ule, Okeyo alihisi kifua kinafunguka. Kisha akaona, katikati ya ukoka, kitu cha kijani kisicho ukoka. Akausogeza ukoka kwa kidole. Ulikuwa mche wa podo. Pembeni yake wa pili, na kwenye ukingo wa tuta wa tatu.

"Hii ni nini?" aliuliza, ingawa alijua.

Odero aliinama. "Kweli, mitatu iliota. Katika mamia."

"Basi baba alikuwepo."

Walitazamana. Okeyo aliuona upande wa mashtaka umesimama mbele ya jaji, umeinua miche mitatu juu: Sajini anasema dume lilikuwa limekatwa, je, hawa walizaliwa na nani? Kila alichokijenga kilikuwa kinaanguka kwa vimajani vitatu ambavyo mbuzi angevimaliza bila kujua amekula.

Ni Odero aliyeng'oa mmoja na kuuweka kando ya mche wa tuta la jirani, na ni Okeyo aliyeona kwanza. Majani ya mche wa tuta tupu yalikuwa mafupi, mapana na magumu, yamesimama. Waliangalia ile miwili mingine, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Wote wawili wakapekua miche ya arobaini na tisa mpaka jasho likawatoka, wasipate hata mmoja wenye jani pana.

"Mama ni wale wale," Odero alisema taratibu. "Baba siye. Vumbi lilitoka mbali, ndiyo maana likapata mbegu tatu tu. Wakati dume la kichaka lipo, vumbi la mgeni lingepata wapi nafasi?"

"Hilo dume lingine liko wapi?"

"Upepo wa Januari unatoka mashariki. Tafuta huko, kama hawajalichoma makaa."

Okeyo alilitafuta kwa miguu, kilima hadi kilima, akionyesha jani kwa kila aliyekutana naye. Mahali pengi alionyeshwa visiki. Mwalimu mmoja alimpeleka kwenye mti mrefu uliomfanya moyo umdunde, kumbe ni mwerezi. Siku ya pili, ng'ambo ya soko la Ikonge, aliingia boma la mwanamke mzee aitwaye Nyanchera, aliyekuwa akipepeta wimbi kwenye uteo. Nyuma ya nyumba yake lilisimama podo moja peke yake, na majani yake yalikuwa mafupi, mapana, magumu.

Hakutaka kumtia maneno mdomoni. Alimsalimu kwa Kigusii kidogo alichokijua, akamwita Omong'ina kama inavyompasa bibi wa umri wake, kisha akauliza tu kama mti ule una faida.

"Faida gani?" Nyanchera alisema kwa hasira ya miaka mingi. "Matunda haina. Kila wakati ya jua nikianika wimbi, hiyo mti inanimwagia vumbi ya manjano. Napepeta, napepeta, ugali bado inakuwa chungu. Nilimwambia mzee wangu akate. Akafa bila kukata."

Okeyo aliona machozi yanamlengalenga, akajifanya anapangusa jasho. Alikata tawi dogo kwa ruhusa yake, akalifunga pamoja na mche mmoja wa tuta tupu na mmoja wa arobaini na tisa ndani ya kitambaa chenye maji. Baba wa zamani, baba wa mbali, na tuta kati yao. Hata jaji asiyewahi kuona podo angeweza kushika vile vitu vitatu mkononi na kuelewa. Odero alikuwa tayari kwenda Kisumu kueleza. Njiani kurudi Sajini alitembea haraka kama kijana, na alikuwa akitunga maneno ya kumwambia Salat langoni mwa stesheni.

Alipokata kona ya kilima juu ya nyumba ya Ishmael alisikia ng'ombe.

Uwanja wa Nyamusi ulikuwa umejaa. Ng'ombe wazuri, wanene, wenye nundu, wa aina anayouza Salat, walikuwa wanakula migomba ya mjane huku watoto wakiwafukuza bila kujua waanzie wapi. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi kwenye nyasi. Salat alikuwa katikati yao pamoja na wazee wawili wa kwao kutoka mjini, kanzu nyeupe zote, mikono imeshikana mapajani kwa heshima. Kando ya njia lilisimama gari la polisi, na mbele yake Inspekta, mzungu aliyekuwa mkubwa wa Okeyo kazini, alikuwa akiwasha kiko. Machogu alisimama karibu naye, usinga mkononi.

Okeyo alielewa yote kabla ya kufika, na hata hivyo alikwenda mpaka kwa Inspekta, akapiga saluti, akauliza kuna nini.

Inspekta alimjibu kwa Kiswahili chake cha amri. Mzee Machogu alikuwa amemtumia ujumbe aje aone kwa macho. Baba wa mshtakiwa amekuja mbele ya watu wote kulipa damu ya marehemu. "Mtu haleti ng'ombe kwa kitu ambacho mtoto yake hakufanya," alisema. "Kesi imekwisha, Sajini. Kazi nzuri."

Okeyo alifungua kitambaa. Alieleza habari ya dume na jike, ya vumbi, ya tuta tupu, ya jani jembamba na jani pana. Alieleza vizuri, bila kuchanganya, kama alivyokuwa amejizoeza njiani. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya. Aliuchukua ule mche wenye jani pana akaugeuzageuza.

"Inawezekana," alisema. "Lakini jaji atakaa na wazee washauri watatu, Wagusii wote. Wewe utawaonyesha majani. Mwendesha mashtaka atawaonyesha ng'ombe. Hapa kwao nani analipa damu, Sajini? Si yule aliyeua?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa Wagusii. Wazee hao watatu wangeuliza swali moja tu: ng'ombe walipelekwa, au hawakupelekwa? Lakini kwa kina Salat haikuwa hivyo. Kwao, damu ikimwagika na kidole kikaelekea kwenu, ukoo mzima huchanga na kupeleka mifugo upesi, ili hasira zipoe watu wapate kukaa na kuzungumza. Kosa lilikuwa la nani, hayo huja baadaye. Salat alikuwa ameishi kati ya Wagusii tangu ujana wake, akiwauzia ng'ombe wa mahari na wa sherehe, na hakuwahi hata siku moja kuuliza ng'ombe wa damu wana maana gani kwao. Wala hapakuwa na sababu ya kuuliza. Machogu ndiye aliyejua maana zote mbili.

Okeyo alimtazama mzee huyo. "Nani alimwambia Salat alete?"

"Mimi," Machogu alisema bila kificho. "Alikuja kwangu analia. Nikamwambia kama moyo inamsumbua, alete, ukoo itapokea. Hiyo ni vibaya, afande?"

Haikuwa kosa kwa sheria yoyote ambayo Okeyo aliijua. Machogu aliinua usinga kwa upole, kama anayeaga, akaenda kuwaonyesha vijana wapi pa kuwafunga ng'ombe. Alichagua boma lake mwenyewe, kwa kuwa mjane hakuwa na zizi.

Nyamusi alikuwa amesimama mlangoni. Okeyo alipopita, mjane alimwambia kwa sauti ndogo, bila kumtazama, kwamba hakuomba ng'ombe. Aliomba mtu amwambie mume wake alikufaje. Sajini alitaka kumjibu kwamba sasa anajua, kwamba wote wawili wanajua. Lakini Machogu alikuwa anatazama upande wao, na mwanamke akaingia ndani akafunga mlango.

Miche ilikuwa imeanza kunyauka. Okeyo aliikunja tena ndani ya kitambaa, ingawa maji yalikwisha kukauka, kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka: kielelezo hakitupwi. Angekipeleka Kisumu. Odero angesimama aeleze, na wangesikilizwa kwa adabu.

Salat alimwona sasa. Aliinuka kutoka kwenye nyasi, akapangusa kanzu, akaja akiwa na uso ambao Okeyo hakuwa ameuona tangu kesi ianze, uso wa mtu aliyelala usiku kucha. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Sajini, wamepokea," alisema. "Wote, mbele ya Inspekta, hakuna aliyekataa. Mama yake Dahir anapika tangu alfajiri. Niambie, mtamwachilia leo, au nirudi kesho?"